Ua Uani

Kila mwanafunzi wa Kiswahili aliyewahi kujaribu kutafsiri shairi la Kizungu amekumbana na majira ambayo kwetu hayapo. Theluji imeyeyuka, siku zimerefuka, na maua yanachomoza bustanini. Aghalabu sisi huandika "majira ya kuchipua" tukaendelea na mshororo unaofuata, na wapo wanaoona heri waandike "masika". Lakini masika si kuisha kwa baridi. Masika ni mvua. Katika nchi inayopitiwa na ikweta, urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, na mti hauna joto la kungojea. Hungojea maji. Tunayo basi majira yetu ya maua, ila yana mwendo wake, na mwendo huo nimejifunza zaidi katika ua wa nyumba ya bibi yangu, Kisauni, kuliko maktabani.

Nimesema ua, na msomaji wa jarida hili hahitaji kukumbushwa kwamba neno hili lina ngeli mbili. Kuna ua, wingi wake nyua, nao ni uwanja uliozungushiwa uzio nyuma ya nyumba. Na kuna ua, wingi wake maua. Kwa bibi, la pili halikuwa na makao mengine ila ndani ya la kwanza. Hakupanda maua mbele ya nyumba ili wapita njia wayatazame. Aliyapanda uani, karibu na kisima, mahali pa wanawake, pa kupikia na kufulia.

Kaskazi inapokwisha, mchanga wa ua ule huwa umekauka hata unachoma nyayo. Mvua za kwanza za masika zikishanyesha, mwasumini huanza kutoa matumba meupe. Mgeni akija mchana hataona la ajabu, kwani asumini hufunguka jua likishatua, na kufikia asubuhi mengi huwa yamekwisha kudondoka. Ndiyo sababu bibi aliyachuma alasiri, yangali yamefumba, akayatunga koja. Koja hilo lilifunguka usiku, kichwani mwa mwenye kulivaa. Mlangilangi ulikuwa na desturi nyingine: ua lake hutoka likiwa la kijani, harufu yake hafifu, kisha hugeuka manjano taratibu, na hapo ndipo hunukia hasa. Haya aliyachanganya na rihani akafunga vikuba.

Ukiyachunguza majina haya utaiona bahari nzima imeingia uani. Waridi na rihani ni maneno ya Kiarabu. Asumini lilianzia Uajemi likapitia kwa Waarabu. Langilangi asili yake ni lugha za Ufilipino, ulikotoka mti wenyewe. Lakini kilua hakikuletwa na jahazi. Mkilua ni mti wa misitu ya pwani yetu wenyewe, Kenya na Tanzania. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alipouandika kitaalamu, aliupa jenasi yake pekee na akalichukua jina la Kiswahili jinsi lilivyo, pamoja na kiambishi chake: Mkilua fragrans. Neno la pili ni la Kilatini, maana yake "wenye kunukia". Nilipolisoma nilicheka, kwa sababu ukifungua kamusi zetu kutafuta maua haya, mara nyingi utaambiwa tu kwamba ni aina ya ua linukialo. Hata Kilatini nacho kilikomea hapo hapo!

Sisi wa fasihi tuna hasara kubwa zaidi. Mshairi wa pwani anapomwita mpenzi wake asumini, tunaandika katika karatasi zetu za mtihani kwamba hiyo ni sitiari ya uzuri, nasi tunapewa alama. Lakini kwa aliyekulia penye mwasumini, asumini ni jambo la usiku, tena la usiku mmoja. Linasema habari ya wakati kabla halijasema habari ya uzuri. Kilua nacho ni tofauti. Bibi alikuwa akituambia, "Kilua hakitazamwi, wajukuu wangu, hunuswa." Mshairi akichagua kilua badala ya waridi, huenda anamsifu mtu ambaye hadhi yake haionekani kwa macho ya barazani. Msomaji asiyeyajua hayo hujikuta na majina matano mkononi na maana moja.

Bibi alitangulia mbele ya haki miaka miwili iliyopita. Ua wake umegawanywa, na ami zangu wamekubaliana kujenga nyumba za kupangisha. Siwalaumu, watoto wao wanahitaji karo, na mti haulipi karo. Mlangilangi umekwisha kukatwa. Kabla ya mafundi kuanza msingi nilichukua vipandikizi vya mwasumini na vya mkilua, nikavipanda katika makopo nje ya chumba nilichopanga karibu na chuo. Mwasumini umeshika na una majani mapya. Vipande vya mkilua bado ni vijiti, nami kila asubuhi navikwaruza kwa ukucha nione kama ndani pangali na ukijani.

Wanachama wenzangu, wengi wetu tuna bibi, nyanya au shangazi mwenye ua wa namna hii, Lamu, Malindi au Vanga. Likizo ijayo tusiende na daftari la methali peke yake. Tuulize ua hili hufunguka saa ngapi, huchumwa na nani, huvaliwa wapi, na baada ya mvua gani. Tuyaandike majibu kama tunavyoyaandika maneno ya nyimbo, kwa kuwa wanaoyajua wanapungua, na nyua zao zinajengwa.