Nilimwita Mwizi, Mzembe Nikiwa Mimi

Kijana aliyeniuzia skrepa pale Ngerengere nilimwita mwizi mbele za watu. Nilidai fremu za madirisha za alumini alizoniletea zilikuwa na takataka, ndiyo maana puli nilizomsubia mwenye mashine ya kusaga zikapasuka. Naungama: skrepa yake ilikuwa safi. Niliyeharibu ni mimi.

Alumini ikiganda hujijenga kwa chembe. Chembe zikiwa kubwa, puli huchanika kirahisi inaposinyaa, hasa pale mkono unapoungana na kitovu. Viwandani huzuia hilo kwa kutia ufito wa alumini wenye titaniamu na boroni. Ndani yake mna punje ngumu za ukubwa wa maikroni moja hivi, na chembe mpya huanzia juu ya punje hizo. Mianzo ikiwa mingi, hakuna chembe inayopata nafasi ya kunenepa. Jamaa yangu wa Dar es Salaam alinipa kipande cha ufito huo, akanisisitizia: "Koroga vizuri, umimine mapema."

Nilikitia chunguni, nikakoroga kidogo, nikaenda kupiga soga kwa muuza kahawa. Punje zile zina uzito wa gramu 4.5 kwa kila sentimita ya ujazo. Alumini iliyoyeyuka ina 2.4 tu. Zikazama. Niliporudi nikaanza kuchota juu. Puli za kwanza zikapasuka. Za mwisho, zilizotoka chini ya chungu, zikapona.

Hilo peke yake lilitosha kunifumbua macho, ila nilikuwa nimeshatukana. Baadaye nilivunja puli mbili: iliyopasuka ina chembe nene kama chumvi ya mawe, nzima ina chembe laini. Metali ile ile, chungu kile kile.

Wanaosubu magnesiamu wanaijua shida hii. Mwaka 1937 huko Ujerumani, Franz Sauerwald aligundua kuwa zirkoniamu hupunguza chembe za magnesiamu. Lakini zirkoniamu ni nzito karibu mara nne kuliko magnesiamu. Chungu kisipokorogwa, hulala chini.

Nimemwomba kijana radhi mbele ya watu wale wale, na puli nimezisubu upya bila malipo. Fundi mwenzangu, kazi ikiharibika, ivunje uitazame ndani kabla hujataja jina la mtu.