Kuufuata Sabaki Hadi Maporomoko ya Lugard

Kaskazi ikivuma, kuanzia Novemba hadi Machi, bahari ya Malindi hugeuka rangi. Maji ya Mto Sabaki yanayomwagika kaskazini mwa mji husukumwa na upepo hadi ghubani, na mawimbi yanayovunjika mbele ya mji huja na wekundu wa udongo wa bara. Kusi ikirudi, wekundu huo huelekea Mambrui na Ungwana, nasi tukapata tena bahari ya samawati. Mwenyeji amezoea, haulizi. Mtoto huuliza. Binti yangu wa miaka 5 alitaka kujua ni nani anayeyachafua maji, na nilipomjibu kwamba ni mto, jibu halikumtosha. Mto umeutoa wapi udongo huo? Na wenyewe hawaudai?

Aliyekata shauri ni mama yangu, ambaye mjukuu wake humwita Hawe kwa Kigiriama chetu. Alizaliwa Jilore, akachota maji ya Sabaki tangu utotoni, lakini hakuwahi kufika mahali mto huo unapopasua mawe ndani ya Tsavo. "Mpelekeni mtoto akaone," alisema. "Na mimi nimo garini."

Maporomoko tuliyoyaendea yanaitwa Lugard, nayo yako ndani ya Mbuga ya Tsavo Mashariki, kwenye mto ambao huko juu unajulikana kama Galana. Mto Athi hushuka kutoka nyanda za karibu na Nairobi, ukibeba pia maji ya Mto Nairobi. Mto Tsavo huletewa maji na chemchemi za Mzima, zinazolishwa na mvua inayozama katika vilima vya Chyulu. Mito hiyo miwili ikikutana huwa Galana, na Galana ikikaribia kwetu huwa Sabaki. Kwa hiyo maji anayochezea mwanangu ufuoni yamepita Machakos, Makueni na nyika nzima ya Tsavo kabla ya kumfikia.

Tuliondoka kabla ya alfajiri, mwishoni mwa Desemba, baada ya mvua za vuli. Mke wangu alikuwa amefunga mahamri na mbaazi, chupa ya chai ya tangawizi na madumu ya maji ya kunywa, kwa sababu ukishaingia mbugani huna duka. Dereva wetu, kijana wa Ganda, anaijua njia ya Sala, lango la mbuga. Tukapita kwao Ganda, tukauacha msitu wa Arabuko-Sokoke mkono wa kushoto, na kulipopambazuka tulikuwa Jilore. Hawe akaomba tusimame. Hakushuka, aliteremsha kioo tu, akawa anamwonyesha mjukuu wake upande wa mto.

"Ng'ambo kule ndiko tulikofukuzwa," alimwambia.

Mtoto hakuelewa, na kwa umri wake halaumiwi, lakini mimi nilifurahi kwamba alilisikia neno hilo kinywani mwa bibi yake kabla ya kulikuta kitabuni. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni iliwaamuru Wagiriama wahame ukingo wa kaskazini wa Sabaki, ardhi yenye rutuba waliyokuwa wakilima nafaka, warudi kusini ambako wangepatikana kwa urahisi kwa kodi na kazi ya mashambani. Mekatilili wa Menza alikuwa ameshawaamsha watu wakatae tangu 1913. Alikamatwa, akahamishwa hadi magharibi ya nchi, akatoroka na kurudi kwao. Agosti 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo, kaya takatifu ya Wagiriama, kwa baruti, nyumba zikachomwa, mbuzi wakatekwa. Miaka michache baadaye watu walirudi ng'ambo, na mahindi yao yako huko hadi leo.

Njia hii ya Sala ina historia nyingine ambayo mji wa Malindi hauisemi sana. Katika miaka ya 1860, chini ya masultani wa Zanzibar, Malindi ilifufuka kwa mashamba makubwa ya mtama na ufuta, na waliolima mashamba hayo walikuwa watumwa. Walioweza kutoroka walikimbilia bara, wakaanzisha vijiji vyao, Fuladoyo na Makongeni vikiwa miongoni mwavyo. Watoro hao walijilinda, walilima na walioa. Mwaka 1890 Frederick Lugard, akiitumikia kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, alipita nchi hii akitafuta njia ya kwenda Machakos na Uganda kwa kuufuata Sabaki, na akapendekeza watoro wajikomboe kwa kuifanyia kampuni kazi. Baadaye alikwenda Uganda, kisha Nigeria akawa gavana. Maporomoko yakabaki na jina lake. Wawaata, wawindaji wa upinde mrefu na mishale ya sumu ambao nyika hii ilikuwa yao, walikuwa wakiyajua maji hayo kabla ya mzungu yeyote kuyaona. Kwa maoni yangu, jina linalostahili kuwa kwenye kibao pale ni la Kiwaata.

Baada ya Kakoneni ardhi hubadilika. Minazi hupungua, mibuyu huzidi, na mashamba ya mahindi huzungukwa na miiba iliyorundikwa kuwazuia ndovu. Karibu na Langobaya dereva alituonyesha upande wa Baricho, ambako visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa Sabaki hutoa maji yanayosukumwa hadi Malindi, Kilifi na Mombasa. Nikamweleza binti yangu kwamba maji ya mfereji wa nyumbani yanatoka hapa. Akanyamaza, kisha akauliza ikiwa ni yale yale mekundu. Nikamjibu kwamba ni yale yale, ila mchanga umeyachuja.

Tulipokaribia njia ya Shakahola, watu wazima garini tuliacha mazungumzo. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule, mingi ikiwa ya watoto walionyimwa chakula kwa jina la imani. Nilimtazama mwanangu akila hamri, makombo yamemjaa mapajani, na Hawe akasoma dua yake kimyakimya. Hatukumweleza mtoto. Siku yake ya kuelezwa itafika.

Kwenye lango la Sala hakuna kulipa pesa taslimu. Tulikuwa tumeshalipa kwa eCitizen tukiwa nyumbani, na nashauri kila anayekuja afanye hivyo, maana huko nyikani mtandao si wa kutegemea. Askari wa wanyamapori alihakiki risiti, akatukumbusha tusishuke garini popote isipokuwa mahali paliporuhusiwa, akamwinamia mtoto na kumuuliza anakwenda kumwona nani. "Mto," akajibu. Askari akacheka kwa furaha, akasema wengi hutaja simba.

Kutoka Sala njia huufuata Galana, maji yakiwa mkono wa kulia. Kando yake imesimama mikoma yenye vichwa vilivyogawanyika, na miswaki inayotambaa hadi mchangani. Ndovu wa Tsavo ni wekundu kwa sababu hujipaka na kujimwagia udongo ule ule unaofika kwetu baharini. Tulilikuta kundi likivuka, mama na ndama, maji yakiwafika tumboni wakubwa na karibu kuwafunika wadogo. Ndama mmoja alishikwa na mkonga wa mama yake hadi ukingoni. Gari zima lilitulia, na mke wangu, asiyependa safari za vumbi, ndiye aliyeomba tukae zaidi. Tuliwaona pia choroa, swala twiga wakisimama kwa miguu ya nyuma kula majani, na pundamilia wengi.

Ng'ambo ya mto kuna mlima mrefu usio na kilele, umelala sawasawa hadi upeo wa macho. Hiyo ndiyo Yatta, mmiminiko wa lava iliyoganda, takriban kilomita 300, mojawapo ya mirefu zaidi duniani. Mbuga hii yote, iliyotengwa mwaka 1948, ni kubwa kuliko Kaunti ya Kilifi, na ipo mlangoni kwetu, lakini magari tuliyopishana nayo yalikuwa na wageni wa hoteli za Malindi na Watamu. Familia ya Kipwani hatukuiona nyingine. Nililiona hilo na likaniuma.

Ukifika Lugard husikii mara moja. Unashuka, unatembea juu ya mwamba mpana wenye joto, ndipo sauti inakupanda miguuni kabla ya masikio. Niseme wazi, asije mtu akitarajia pazia la maji linaloanguka kutoka juu. Kwa hilo aende Shimba Hills, Kwale, kwenye maporomoko ya Sheldrick yenye urefu wa mita 21. Lugard ni kitu kingine. Mto mpana uliokuwa ukitembea taratibu kwenye mchanga unakutana na mwamba mgumu wa kale, unabanwa kwenye mfereji mwembamba, na maji yote ya Athi na Tsavo yanalazimika kupita hapo kwa ngazi, yakipigana. Uganda kuna mfano mkubwa wa jambo hilohilo: huko Murchison mto Nile wote hupenya mwanya wa mita 7 hivi. Huku kwetu ni mto mdogo kuliko Nile, lakini unausogelea hadi unalowa.

Na mawe yake! Yana mistari ya waridi, kijivu na nyeusi, yamelainishwa yakang'aa, yametobolewa mashimo ya duara yenye kina. Mashimo hayo yalichimbwa na vijiwe: mto ukifurika huviingiza kwenye kishimo, huvizungusha mwaka baada ya mwaka, navyo husaga mwamba hadi shimo linakuwa pipa. Binti yangu aliingiza mkono kwenye shimo lililokauka, akatoa kijiwe cha mviringo, na nikamwonyesha kwamba hicho ndicho fundi. Alikigeuza, akakirudisha chini kwa uangalifu, "kisiache kazi." Huu ndio wakati ambao ningependa kila mzazi aupate.

Sikumwachilia mkono wake hata mara moja. Hapana uzio, mwamba ukilowa huteleza, na maji yale hayarudishi mtu. Mvua kubwa zikinyesha mto hufunika mawe yote na mahali pale hapafai kwa mtoto. Msimu wa kiangazi maji hupungua na mawe yakaonekana vizuri zaidi. Sisi tuliukuta katikati: nguvu ipo, na pa kukanyaga papo. Hawe alikaa kivulini kwenye jiwe la juu, leso yake kichwani, akitazama maji kwa muda mrefu.

"Kumbe ndivyo yanavyopigwa kabla ya kutufikia," alisema.

Chini kidogo ya maporomoko mto unapanuka tena na kutulia, na pale ndipo mamba wanapolala ukingoni na viboko hupumua katikati. Tuliwatazama tukiwa juu, mbali na maji. Mtoto alitaka kujua kama mamba hao hufika Malindi. Wapo Sabaki, naye alilipokea jibu hilo kwa uzito.

Njiani kurudi akalala, nasi watu wazima tukazungumza juu ya udongo. Mto wowote hubeba mchanga, lakini wekundu unaoingia ghubani mwetu unatokana na miteremko ya juu iliyolimwa bila makinga maji na kukatwa miti. Mchanga huo umeijaza pwani ya mji wa Malindi hadi bahari imesogea mbali na mahali wazee wetu walipoijua. Tope hilo pia huyafikia matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968. Sasa huko Makueni kunajengwa bwawa kubwa la Thwake juu ya Athi, kazi iliyoanza mwaka 2018. Bwawa hushika maji, na hushika mchanga pia. Ndovu wa Galana, visima vya Baricho, mahindi ya Jilore, wavuvi wa Mambrui, wote wanautegemea mto ambao maamuzi yake hukatwa mamia ya kilomita kutoka hapa, katika mikutano ambayo mtu wa Malindi haketi. Mtu hawezi kuutetea mto anaoujua mdomoni mwake tu, mahali unapoishia.

Ndiyo maana nawaomba walimu wakuu wa Malindi, Magarini na Kilifi: mnapopanga safari za shule, msiwapeleke watoto Mombasa tu. Wapelekeni Lugard. Wazazi nanyi, changeni nauli familia mbili tatu gari moja, lipeni ada kabla ya kuondoka, bebeni maji ya kutosha, ondokeni gizani ili mfike langoni mapema, na mtoke mbugani kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mkiwa na mzee nyumbani anayeukumbuka mto wa zamani, mchukueni, mumweke karibu na dirisha.