Kazi ya Mfumaji

Ukitajiwa mji wa Kisumu, yamkini utakumbuka kwanza samaki, jua kali, na bandari iliyofikiwa na reli mwaka 1901. Hutakumbuka sweta. Mji ulio karibu na Ikweta, tena ukingoni mwa ziwa, una haja gani na vazi la baridi? Majibu ni mawili. Kwanza, sweta ni sehemu ya sare ya shule, na sare haiulizi hali ya hewa. Pili, Kericho na vilima vya Nandi haviko mbali, na huko baridi ya asubuhi hugonganisha meno. Kwa hiyo katika mitaa ya Kisumu wako watu, wengi wao wanawake, ambao riziki yao hutoka katika mashine ya kufumia iliyowekwa karibu na dirisha.

Jirani yangu katika mtaa wa Manyatta ni mmoja wao. Jioni, nikiisha kusahihisha madaftari, hupita kumwamkia, nami hujifunza kwa kumtazama. Kabla ya kuanza sweta, hufuma kipande kidogo cha kujaribia, akakipima kwa rula. Ikiwa sentimita 10 zina vitanzi 20, na kifua cha sweta kitakuwa sentimita 80, basi vitahitajiwa vitanzi 160: 80 mbele na 80 nyuma. Uzi ukiwa mnene zaidi, hesabu yote hubadilika. Kisha hupunguza vitanzi kwapani na shingoni kwa mpango, ili mkono ukae mahali pake bila kuvuta. Huo ndio uwiano tuufundishao darasani. Tofauti ni kwamba mwanafunzi akikosea hupoteza alama, na mfumaji akikosea hupoteza uzi na siku nzima.

Wako wasemao kuwa kazi hii ni kimbilio la walioshindwa mtihani. Wasemao hivyo hawajui nasaba yake. Soksi za pamba zilizofumwa Misri karne nyingi zilizopita zimehifadhiwa mpaka leo. Mwaka 1589 Mwingereza William Lee alibuni mashine ya kufumia soksi. Hapa Kenya, vilabu vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanza katika miaka ya 1950, viliwafundisha wanawake wengi kushona na kufuma. Mama yake jirani yangu alijifunza huko, na kroshia yake ingali katika kikapu cha binti yake.

Ukishuka hadi ufukwe wa Dunga utawakuta ndugu wa ufundi huu. Wako wasukao mikeka na vikapu kwa mafunjo. Wako waliogeuza gugu maji, mmea wa Amerika ya Kusini uliolisumbua ziwa tangu miaka ya 1990, wakalikausha na kulisuka kuwa vikapu na viti. Wako na wavuvi wakitengeneza nyavu zilizoraruka. Lugha yetu husema wavu hufumwa na sweta hufumwa, lakini vitu hivi havifanani. Wavu una fundo katika kila pembe ya jicho. Uzi mmoja ukikatika, mafundo mengine hushika. Sweta haina fundo. Kila kitanzi kimeshikwa na jirani yake, na kimoja kikiachiliwa, safu nzima yaweza kufumuka.

Maisha ya wafumaji nayo ni hivyo. Jirani yangu na wenzake wana chama. Hununua uzi pamoja kwa kilo ili wapate nafuu ya bei. Mwaka mmoja alibuni sweta ya watoto yenye mawimbi ya rangi mbili pindoni. Kabla ya mwezi kwisha, mawimbi yale yale yalikuwa yametundikwa katika vibanda vya soko la Kibuye, kwa bei ya chini kuliko yake. Baadhi yao walikuwa wenzake wa chama. Sheria ya mwaka 2001 inaruhusu mbunifu kuandikisha umbo la kazi yake, lakini kwa mtindo uuzwao msimu mmoja, gharama na safari za kuandikisha humzidi nguvu mtu wa mashine moja.

Nilipomwuliza kama atawaficha mitindo yake, alijibu, “Mwalimu, mawimbi wameyaona ziwani kama nilivyoyaona mimi. Lakini hesabu ni yangu.”

Neno hilo alilipeleka chamani. Walibishana sana, wakakubaliana kwamba mwenye kubuni mtindo atauza peke yake muhula mmoja, kisha atawafundisha wenzake hesabu yake. Mapatano hayo hayamfungi mfanyabiashara wa mbali, wala hayazuii mitumba ambayo bei yake haitoshi hata kununulia uzi. Hata hivyo, chama hakikuvunjika, na jirani yangu hakuacha kubuni.

Wewe usomaye, vua sweta yako leo uigeuze upande wa ndani. Weka rula, uhesabu vitanzi katika sentimita 10. Kisha jiulize ni nani aliyekutangulia kuvihesabu, na kama alilipwa haki yake.