Kabla hujamkatalia kijana kwenda kwenye shoo ya Krismasi

Desemba ikianza, Dar es Salaam hubaki na aina mbili tu za muziki. Ya kwanza ni Boney M, ambao albamu yao ya Krismasi ilitoka mwaka 1981, kabla sijazaliwa, na hadi leo ukiingia dukani kununua sukari wanakupokea mlangoni. Ya pili ni zile nyimbo saba au nane ambazo redio zote zimekubaliana kuzipiga mwezi huo, asubuhi kwenye daladala, mchana saluni, usiku kwa jirani.

Ipo ya tatu, lakini hiyo haikufuati. Ni lazima uitafute.

Ni muziki wa watu wasio na lebo wala meneja mwenye miwani ya jua. Mtaani tunawaita andagraundi, neno ambalo mimi silipendi sana kwa sababu linamweka kwenye kapu moja kijana aliyerekodi wimbo wake wa kwanza jana na mtu mzima aliyepiga zeze miaka ishirini. Msafiri Zawose, mtoto wa marehemu Hukwe Zawose, anapiga muziki wenye asili ya Wagogo wa Dodoma, na albamu yake ya Uhamiaji ilitolewa mwaka 2017 na kampuni ya London. Jagwa Music wametoka uswahilini hapa hapa Dar na mchiriku wao wa vinanda vidogo vya Casio, wakafika kwenye majukwaa ya Ulaya. Wamwiduka Band walianzia mitaani Mbeya. Siti and the Band wametokana na chuo cha muziki cha DCMA pale Zanzibar. Muulize kijana wako wa kidato cha tatu kama anawajua. Kisha jiulize wewe.

Desemba ndiyo mwezi wao. Wengi wana kazi nyingine za mchana na wakati huu wako likizo, wanafunzi wamerudi nyumbani, ndugu wa ughaibuni wametua, na barabara zinapumua kwa sababu nusu ya jiji imepanda mabasi ya Moshi, Bukoba na Mbeya. Matangazo yao hayapo kwenye mabango. Yako kwenye status za WhatsApp: picha ya gitaa, jina la bendi ambalo hujawahi kulisikia, kiingilio shilingi 10,000, mlango unafunguliwa saa 12 jioni.

Tangazo la namna hiyo lilitua nyumbani kwetu siku chache kabla ya sikukuu, kupitia kwa mdogo wangu. Ana miaka 17. Alikuwa amemaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi uliotangulia na alikuwa katika ule msimu ambao kila mzazi mwenye kijana wa umri huo anaufahamu: mtihani umekwisha, matokeo bado, shule hakuna, kazi hakuna, na friji inafunguliwa kila baada ya dakika kumi. Anapiga gitaa la besi kwenye kwaya ya vijana kanisani. Bendi iliyotangazwa ilikuwa ya kaka mmoja aliyewahi kumfundisha kupiga hilo besi.

Mama alisema hapana kabla hajamaliza kulisoma tangazo.

Nilitegemea atasema hivyo na sikumlaumu. Baba alifariki mdogo wangu akiwa darasa la pili, na mama amemlea kwa jicho moja lililo wazi hata akilala. Alikuwa na sababu zake na alizihesabu kwa vidole: pombe, bodaboda za usiku, na watu asiowajua. Kidole cha nne hakukitaja mbele yake, ila nilikijua. Mama anataka mtoto huyu aende chuo cha afya, awe tabibu. Tangu niliposhika kalamu ya kuandika habari za afya ananitumia kama shahidi wake: "Dada yako anazunguka hospitali zote, muulize kama kuna tabibu anayelala njaa." Kila anapoliona lile besi limeegemea ukutani, anaona fomu ya chuo ikipeperuka.

Nikamwambia, "Mama, nitakwenda naye mimi."

Alinyamaza, akaendelea kuchambua mchele. Baadaye akatoa masharti. Saa 5 usiku tuwe tumefika mlangoni. Tusipande boda. Nisimwache peke yake hata akienda msalani. Hili la mwisho mdogo wangu alilipinga na akashinda.

Ukumbi wenyewe ulikuwa ua wa nyuma wa mgahawa, una mwembe katikati, viti vya plastiki na moshi wa mishkaki. Tulikuwa labda watu themanini. Hapakuwa na jukwaa, zulia tu limetandikwa chini na juu yake wamesimama vijana watano: besi, ngoma, kinanda, filimbi, na dada mmoja aliyekuwa anaimba huku anapiga kayamba. Wimbo wa kwanza waliuharibu. Kinanda kiligoma, wakacheka, wakaanza upya. Nimehudhuria matamasha makubwa ya uwanjani ambako msanii anafungua mdomo na sauti inatoka kwenye kompyuta, kwa hiyo kule kugoma kwa kinanda kulinifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza. Unaona kazi inavyofanyika. Unamwona mpiga ngoma akimkonyeza mwenzake kwamba sasa tunageuka.

Mdogo wangu hakucheza hata hatua moja. Alisimama ameikodolea macho mikono ya yule mpiga besi, vidole vyake mwenyewe vikitembea kwenye mshono wa suruali. Nimemwona akisoma baiolojia. Hajawahi kuisoma hivyo.

Kuhusu pombe, ilikuwepo, nisikudanganye. Iliuzwa upande wa kaunta, na waliokunywa walikuwa watu wazima wa kawaida ambao ungewakuta harusini. Kilichonishtua kilikuwa kingine, tena kile ambacho hakikuwa kwenye vidole vya mama.

Kwenye simu yangu nina programu ya kupima sauti, ya bure, ambayo huwa naitumia kazini. Nikiwa nimesimama hatua tatu kutoka kwenye spika ilisoma desibeli 101. Simu si kifaa cha maabara, lakini hata ukiipunguzia kidogo hiyo ni sauti kubwa mno. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila kuhatarisha masikio, na kwa mtoto ni desibeli 75. Kila zikiongezeka desibeli tatu, muda huo unakatwa nusu. Fanya hesabu mwenyewe: ukifika 100, zile saa 40 zimebaki kama dakika 20. Za wiki nzima.

Ndani ya sikio kuna seli zenye vinywele vidogo sana vinavyopokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye mishipa ya fahamu. Kelele kubwa huzichosha seli hizo, zikizidiwa hufa, na kwa binadamu zikifa haziotI tena. Ule mluzi unaousikia masikioni ukilala baada ya sherehe ni malalamiko yao. Watu wengi wanadhani ni dalili kwamba shoo ilikuwa kali. WHO inakadiria kuwa zaidi ya vijana bilioni moja duniani, wa miaka 12 hadi 35, wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza kwa sauti kubwa, na humo zimo earphone wanazolala nazo kila siku, siyo shoo peke yake. Mwaka 2022 shirika hilo lilitoa viwango vya kumbi za burudani: wastani wa sauti usizidi desibeli 100, wateja wapewe vizibo vya masikio, na pawepo mahali pa utulivu pa kupumzishia masikio. Sijawahi kukuta ukumbi wa mtaani kwetu wenye vitu hivyo vyote vitatu.

Kwa bahati dawa yake ni rahisi. Nilikuwa na vizibo vya sponji kwenye pochi, vile wanavyovaa mafundi wa mashine, nilivyonunua kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Unakiviringisha kiwe chembamba, unavuta sikio juu na nyuma kidogo, unakiingiza na kukishikilia hadi kitanuke. Pamba na karatasi ya chooni hazisaidii kitu cha maana. Mdogo wangu aligoma kwanza, akisema ataonekana mshamba. Nikamwonyesha mpiga ngoma wa bendi, ambaye alikuwa navyo masikioni tangu mwanzo. Akavivaa. Baada ya wimbo mmoja akanisogelea na kusema sasa anasikia besi vizuri zaidi kuliko mwanzo, na hilo nalo ni kweli, kwa sababu sikio lililozidiwa halichambui, linapokea kishindo tu. Kisha tukasogea nyuma, karibu na mwembe. Kwenye eneo la wazi, ukiongeza umbali wako na spika mara mbili sauti hupungua kwa takriban desibeli 6, na muziki ni ule ule.

Ninayemwonea huruma zaidi kwa jambo hili ni mtoto mchanga. Pale uani nilimwona mama mmoja amembeba wake mgongoni mita mbili kutoka kwenye spika. Alikuwa amelala, na mama aliniambia kwa tabasamu kwamba amezoea. Mtoto wa miezi minane hawezi kukwambia kuna mluzi sikioni. Nilimwomba ahamie nyuma, akahama, na hakununa.

Bendi ilipopumzika nilimfuata yule dada mwimbaji. Nilitaka kujua wanaishije. Alinieleza bila aibu: kiingilio kinagawanywa kati ya mwenye mgahawa, mwenye mitambo na wao, na kinachobaki kinatosha nauli na chakula cha siku mbili. Studio wanalipia kwa kuchangishana. Sare walishonesha kwa mkopo wa vikoba. Video ya kwanza waliifadhili kwa mchango wa ndugu na marafiki, kwa kadi kabisa, kama harusi.

Nikiwa namsikiliza nikagundua kwamba hadithi hii naijua tangu utotoni. Ni hadithi ya kwaya. Mama yangu ameimba sauti ya pili kwaya ile ile tangu kabla sijazaliwa, na kwaya yake imefanya mambo hayo hayo: mchango wa sare, mchango wa studio, mchango wa video yenye maua na maporomoko ya maji, kisha kuuza kanda, baadaye CD, siku hizi flashi, pale nje baada ya ibada. Mazoezi ya Krismasi huanza miezi kabla, jioni tatu kwa wiki, hakuna anayelipwa. Hawana lebo, hawana promota. Kama tunatafuta wanamuziki wa kujitegemea wakongwe zaidi nchini, wamekaa kwenye mabenchi ya mbele kila Jumapili, na wapiga vinanda na besi wengi unaowaona kwenye bendi za mjini walifundishwa huko bure.

Hilo nililisema kwa mama tulipofika, saa 4 na dakika 40, kwa bajaji. Hakujibu. Aliuliza tu kama tumekula.

Mkesha wa Krismasi tulikuwa kanisani wote. Mitambo ilikuwa imekodishwa na spika moja ilielekezwa moja kwa moja kwenye benchi la wazee. Nilitoa simu nikapima: desibeli 98. Kabla sijasema lolote, mdogo wangu aliweka besi chini, akaenda kwa fundi mitambo, wakazungumza kidogo, na ile spika ikageuzwa. Mama aliliona hilo kutoka kwenye safu ya sauti ya pili.

Wazazi wakiniuliza mambo haya huwa nawaambia wasianze na ruhusa, waanze na wimbo. Mwombe kijana akuchezee nyimbo mbili za huyo anayetaka kwenda kumsikiliza, kwenye spika ya kawaida, mkiwa mmekaa. Kama maneno ni ya aibu utajua, na yeye atajua kwamba umejua. Kisha chagua shoo za jioni, za uani au kwenye vituo vya sanaa na utamaduni, ambako watu ni wachache na muziki unaanza mapema. Nenda naye mara ya kwanza. Ukishindwa, tuma shangazi, mjomba au dada. Kubalianeni usafiri wa kurudi kabla hamjatoka, na dereva awe mtu mnayemfahamu. Ukipenda mlichokisikia, nunua flashi yao pale pale mlangoni, maana hela hiyo wataigawana usiku huo huo. Na asiyepata shoo Desemba anaweza kusubiri Februari avuke maji kwenda Sauti za Busara, tamasha linalofanyika Zanzibar tangu 2004, ingawa huko nauli ni mjadala mwingine wa familia.

Kuhusu chuo, hatujafika popote. Mimi naona tabibu mwenye kupiga besi si muujiza, mama anaona ni mguu mmoja kwenye mitumbwi miwili, na mdogo wangu anasema tusubiri matokeo. Siku moja baada ya Krismasi mama alikuja jikoni nikiwa naosha sufuria za pilau. Alisimama kidogo, akafuta meza iliyokuwa tayari imefutwa.

"Hicho chuo cha sanaa cha Bagamoyo," akasema, "wanachukua wenye ufaulu gani?"