Mnyama wa Mtuka

Mpwa wangu, yuko darasa la sita hapa Tabora, alinijia na simu mkononi. "Mjomba, hiki ni Kiswahili au wamekosea?" Kwenye kioo kulikuwa na neno moja refu: Mnyamawamtuka. Nikamwambia alikate: mnyama wa Mtuka. Lililofuata akalikata mwenyewe, moyowamkia, akacheka mpaka simu ikamponyoka. Moyo wa mkia!

Hawajakosea. Ni dinosaria, aliyepewa jina hilo mwaka 2019. Mifupa yake ilionekana 2004 ukingoni mwa mto Mtuka, kule bonde la Rukwa, ndani ya mwamba ambao zamani ulikuwa mchanga na tope la mito iliyofurika, yapata miaka milioni 100 iliyopita. Pingili moja ya mkia wake ina umbo la moyo, basi. Jirani yake wa bonde hilohilo anaitwa Shingopana, na huyo hahitaji mkalimani. (Ningekuwa mhariri ningeweka nafasi kati ya maneno, lakini wanasayansi wana sheria zao.)

Jina hilo lilinikaa kwa sababu nilikuwa nalijua jingine. Kule Tendaguru, Lindi, Wajerumani walichimba dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa na watu wetu, kichwani na mabegani, siku kadhaa kwa miguu hadi bandarini. Yule mrefu wa mita 13 na ushei yuko Berlin mpaka leo, na jina lake, brancai, limetokana na Branca, mkuu wa makumbusho. Mwingine, mdogo, mwaka 1919 akaitwa lettowvorbecki.

Yaani Lettow-Vorbeck, jemadari wa vita.

Sisi ni watu wa njia ya misafara, Ujiji mpaka Bagamoyo, na upagazi ulikuwa kazi ya kijana kujivunia. Vita ikaugeuza kuwa adhabu. Majeshi yote, ya Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji, yaliwataka wabebaji, nao wakafa kwa njaa na maradhi. Baba yake bibi alichukuliwa 1916, kabla Wabelgiji hawajauteka mji Septemba ile. Bibi alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Mzee hakurudi. Kaburi hatulijui, mzigo wake hatujui ulikuwa nini, na hata jina tunabishana: bibi alikuwa na lake, kaka yake na lake.

Nilimsimulia mpwa wangu.

"Huyo Lettow ndiye aliyeichimba mifupa?"

"Hapana."

"Aliibeba?"

"Wapi!"

Akanyamaza. Halafu akataka kujua baba yake bibi anaandikwaje. Nikampa majina yote mawili. Jioni nimefungua daftari lake la sayansi, ukurasa wa nyuma, nikayakuta. Ameyaandika bila nafasi, neno moja.