Usiku Tisini Pamoja na Rasi l-Ghuli



Ndugu wasomaji, wengi wetu tunaoishi ughaibuni tunalalamika kwamba watoto wetu hawasomi Kiswahili. Nasi tulikuwa miongoni mwa walalamikaji. Katika nyumba yetu hapa Olaya, kijana wetu wa miaka 13 alikuwa amezama katika kitabu cha J.R.R. Tolkien, kile cha juzuu tatu kilichotoka Uingereza mwaka 1954 na 1955, chenye wafalme, mazimwi na safari isiyokwisha. Tulimkemea mara mbili tatu. Kisha tukajiuliza: je, sisi tumempa nini badala yake?

Jibu lilikuwa juu ya kabati, ndani ya sanduku tulilotoka nalo Dar es Salaam. Humo mlikuwa na Utenzi wa Rasi l-Ghuli, uliotungwa na Mgeni bin Faqihi katikati ya karne ya 19, ukachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1979. Ni miongoni mwa tenzi ndefu kabisa za Kiswahili, kwani una beti zaidi ya 4,000. Tulikuwa tumeuhifadhi miaka mingi kwa heshima kubwa, bila ya kuusoma.

Mwezi wa Aprili mwaka 2020, kwa sababu ya maradhi ya korona, Riyadh iliwekwa chini ya amri ya kutotoka nje. Sala za jamaa misikitini zilikuwa zimekwisha kusimamishwa. Barabara ya Olaya, ambayo haikujua usingizi, ilinyamaza kimya chini ya minara yake. Ramadhani ikaingia, tukasali tarawehe sebuleni, na baada ya sala tukawa hatuna pa kwenda. Ndipo tulipouteremsha ule utenzi. Tukakata shauri kusoma beti hamsini kila usiku, kwa zamu, na kila usomaji tuurekodi kwa simu na kumpelekea mama yetu Tanga, ambaye watoto humwita Bibi.

Tukiri kweli: siku za mwanzo zilikuwa nzito. Lugha ya tenzi za kale, ambamo njia ni ndia na macho ni mato, iliwafanya watoto wacheke. Sisi wazazi tuliona haya zaidi, kwani maneno mengi tuliyojidai kuyajua tulishindwa kuyaeleza. Asubuhi Bibi hutuletea jibu lake. Baada ya kuamkiwa shikamoo na kuitika marahaba, husahihisha neno baada ya neno, kisha husema: "Wajukuu zangu, someni taratibu. Utenzi haukimbizwi."

Kisa chenyewe huanzia Madina. Mwanamke mmoja anakuja kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kushitaki kwamba wanawe wameuawa na mfalme katili wa Yemen, Mukhariki, aitwaye Rasi l-Ghuli, yaani kichwa cha zimwi. Masahaba wanatumwa, na vita vinafuatana na vita, huku Sayyidna Ali akiwa shujaa wa mashujaa. Baada ya usiku wa kumi hivi, hakuna aliyecheka tena. Kijana wetu akawa ndiye wa kwanza kukaa mkekani, na binti yetu mdogo akikataa kulala mpaka ajue nani amesalimika.

Lakini usiku mmoja binti huyo akauliza: "Baba, mambo haya yalitokea kweli?"

Swali hili lilitunyamazisha. Kumsimulia mtoto zimwi la kubuni ni jambo jepesi. Lakini hapa zimwi ni la kubuni na watu wanaopigana nalo ni masahaba wa kweli, ambao majina yao tunayataja kwa radhi. Katika mji huu, na katika dini hii, mzazi hawezi kulijibu kwa kubabaisha. Wanavyuoni wa zamani waliliona tatizo hili. Ibn al-Jawzi, aliyefariki Baghdad mwaka 1201, aliandika kitabu kizima juu ya wasimulizi wa hadharani na hatari ya kuchanganya visa na mapokezi sahihi.

Basi tuliweka utaratibu. Pembeni mwa utenzi tuliweka kitabu cha sira. Watoto wakaona kwamba Mtume alimpeleka Yemen Muadh bin Jabal, na katika mwaka wa 10 wa Hijra akampeleka Sayyidna Ali. Lakini vita vya Rasi l-Ghuli havimo. Tukawaambia: "Sira ni ya kuaminiwa na kufuatwa. Utenzi huu ni kisa walichokipenda wazee wetu, kwa sababu walitaka mwanamke aliyedhulumiwa apate wa kumsikiliza." Binti akatafakari, kisha akasema: "Basi tuendelee." Hakupungukiwa na hamu hata kidogo. Tuliokuwa tukiogopa ni sisi.

Bibi alikuwa ameweka akiba miaka mingi kwa ajili ya Hija ya mwaka huo. Tarehe 22 Juni ikatangazwa kwamba Hija itakuwa ya idadi ndogo tu ya watu waliokuwa tayari ndani ya nchi. Usiku ule hatukusoma. Tuliumaliza utenzi siku chache kabla ya Arafa, na tukampelekea Bibi beti za mwisho. Mwaka 2021 mlango ulikuwa ungali umefungwa kwa walio nje. Mwaka 2022 ulifunguliwa kwa walio chini ya miaka 65, naye alikwisha kuipita. Mwaka 2023 sharti la umri likaondolewa, na Mola akamjaalia kuhiji.

Tulisafiri kiasi cha kilomita 950 hadi Jeddah, tukakutana naye kwa jamaa zetu kabla hajarejea nyumbani. Baada ya machozi na dua, akasema: "Kuna usiku mmoja hamkunisomea. Nilingoja."

Binti yetu akamweleza kwamba hakuna ubeti uliopotea. Usiku ule tulishindwa tu kusoma. Bibi akatikisa kichwa: "Hata mimi nisingeweza kusikiliza." Kisha akamtaka asome tena mwanzo, pale mwanamke anapofika Madina. Binti alisoma bila ya kukwama.

Ndugu zetu, tunayo nasaha moja. Msimnyang'anye mtoto kitabu chake kirefu. Mpeni na kirefu cha kwenu. Kisomeni kidogo kidogo, kwa sauti, pamoja na mzee mmoja aliye mbali. Na akiuliza kama ni kweli, mwambieni kweli.

Wabillahi tawfiq.