Ngeu au Zinjifuri?

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Methali hiyo yafaa kuanzia mjadala juu ya rangi, kwani mtu atazamapo picha kongwe aghalabu husema tu kwamba shuka lililochorwa ni jekundu, asiulize wekundu huo umeundwa kwa nini.

Mwanafunzi wa Kiswahili aishiye Kileleshwa hulipita swali hilo kila uchao. Mtaani humo nyumba za kale zenye bustani zimepisha maghorofa, na msingi unapochimbwa, udongo mwekundu hutapakaa barabarani. Wekundu huo ni wa chuma kilichoungana na oksijeni. Si mbali na hapo, katika Makumbusho ya Taifa ya Nairobi, zimo picha za Joy Adamson, ambaye mwaka 1949 aliagizwa na serikali ya kikoloni kuwachora watu wa jamii za Kenya katika mavazi yao ya jadi. Miongoni mwa Wamaasai na Wasamburu, vijana walijipaka udongo mwekundu wa aina hiyo. Je, wekundu wa karatasini ni ule ule wa mwilini?

Jicho haliwezi kujibu, spektroskopia yaweza. Miale ya eksirei ikiipiga rangi, kila elementi hurudisha miale yake yenyewe. Wekundu ukidhihirisha chuma, huenda ni ngeu. Ukidhihirisha zebaki, yamkini ni zinjifuri. Picha haikwanguliwi hata chembe. Nili, kwa kuwa haina metali, huiponyoka mbinu hiyo. Hapo hutumiwa mbinu itokanayo na ugunduzi wa Raman wa mwaka 1928: mwanga wa leza humulikwa, na sehemu ndogo mno ya mwanga unaorudi huwa imebadilika kwa namna inayoitambulisha molekuli.

Ujuzi huu si anasa. Zinjifuri yaweza kusawijika ikikaa mwangani, ilhali ngeu hustahimili. Basi mhifadhi asiyejua ipi ni ipi yumkini akaiharibu picha kwa kuitundika tu. Vilevile, weupe wa titani uliingia katika kazi za wachoraji katika karne ya 20. Ukionekana kwenye picha isemwayo kuwa ya karne ya 17, ama picha ilitiwa viraka, ama ni ya kughushi.

Ajabu ni kwamba Kiswahili kilikwisha kuiona tofauti hiyo. Ngeu ni udongo ambao maseremala waliutumia kupigia mistari ubaoni. Zinjifuri ni madini ya zebaki. Manjano ni kiungo cha mchuzi. Kijani chatokana na jani. Lugha hii huiita rangi kwa dutu yake, sawa na kifanyavyo chombo cha maabara.

Hata hivyo, maneno haya yanazidi kubaki kamusini. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili hawana budi kuyarejesha darasani na maabarani. Asiyeyajua atasema "nyekundu" mara mbili, na tofauti ambayo chombo kimeiona itapotelea kinywani mwake.